Mwongozo kamili: Kupunguza na kugeuza picha za blogu kwa ImageMagick bila kuharibu za asili

ImageMagick ni programu ya kuhariri picha kwa amri za kuandika, na amri yenyewe ni mstari mmoja. Wanaokwama hawakwami kwa ugumu wake. Wanakwama kwa sababu wamesimama kwenye folda nyingine, wamesahau alama za kunukuu, au wameandika juu ya picha ya asili ambayo hawana nakala yake. Nimeshafukua makosa hayo na watu wengi, wengine kwa simu saa nne za usiku, na kila mara ni yaleyale. Kwa hiyo nayaweka yote hapa, kwa mpangilio wa kazi inavyofanyika.

Lengo ni hili: picha ya kamera yenye MB 4 iwe faili la KB mia moja na kitu, isimame wima kama ilivyopigwa, isibebe anuani ya nyumba yako ndani yake, na ile ya asili ibaki kama ilivyokuwa.

## Uwe na hivi kabla hujaanza

- Kompyuta ya Windows, Mac au Linux. Kama huna, simu ya Android yenye Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu, inatosha kabisa. Ipakue kutoka F-Droid, duka la programu huria.
- ImageMagick yenyewe. Ni bure.
- Bando la kupakulia programu mara moja. Baada ya hapo kazi yote inafanyika bila intaneti.
- Picha za asili, zilizotoka kwenye kamera moja kwa moja. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa njiani. Mwambie aliyeipiga akutumie kama dokumenti, siyo kama picha.
- Picha tatu au nne za majaribio. Usianze na folda ya picha mia mbili. Tutafika.

## Kwa nini pikseli 1200

Watu huniuliza ukubwa sahihi kana kwamba kuna sheria. Hakuna, ila kuna hesabu. Blogu nyingi zina safu ya maandishi yenye upana wa pikseli 700 hadi 800 hivi kwenye kompyuta. Simu nyingi zinaihesabu skrini yao kuwa na upana wa 360 hivi, lakini kioo chenyewe kina msongamano wa mara tatu, kwa hiyo picha inayojaza upana wa simu inahitaji pikseli 1080. Upana wa 1200 unatosheleza pande zote mbili na kubakisha kidogo.

Kamera nyingi za simu hutoa picha ya 4000 kwa 3000 hivi, yaani pikseli milioni 12. Ukiishusha hadi 1200 kwa 900 zinabaki milioni 1 na kidogo. Msomaji haoni tofauti, lakini bando lake linaiona. Makala yenye picha nane za MB 4 ni MB 32 kwa mtu mmoja kuifungua mara moja.

Wenye WordPress huwa wananiambia mfumo wao unapunguza wenyewe. Ni kweli: tangu toleo la 5.3, picha inayozidi pikseli 2560 hutengenezewa nakala ndogo. Lakini MB 4 zile unazipakia wewe kwanza, kwa bando lako, na 2560 bado ni kubwa kuliko unavyohitaji.

## Hatua ya 1: Sakinisha, kisha hakikisha imeitika

Windows. Pakua kisakinishi kutoka imagemagick.org, lile faili lenye `Q16-HDRI-x64-dll` kwenye jina lake. Wakati wa kusakinisha utaona kisanduku kilichoandikwa `Add application directory to your system path`. Kiache na tiki yake. Ukikiondoa, programu itakuwepo kwenye mashine lakini terminali, lile dirisha la kuandikia amri, haitajua iko wapi.

Mac yenye Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyingine:

```
brew install imagemagick
```

Ubuntu na Debian:

```
sudo apt update
sudo apt install imagemagick
```

Termux:

```
pkg update
pkg install imagemagick
termux-setup-storage
```

Mstari wa mwisho utakuomba ruhusa ya kufikia picha za simu. Kubali, la sivyo Termux itabaki imefungiwa kwenye chumba chake.

Sasa funga terminali, ifungue upya, uandike:

```
magick -version
```

Umefanikiwa ukiona mstari unaoanza na `Version: ImageMagick 7`.

Ukiwa Ubuntu unaweza kujibiwa `magick: command not found` ingawa umesakinisha vizuri. Hujakosea. Ubuntu 24.04 bado inaleta toleo la 6, na toleo hilo halina neno `magick`. Kila nitakapoandika `magick` wewe andika `convert`. Nitakapoandika `magick identify` andika `identify`. Na `magick mogrify` iwe `mogrify`. Mengine yote hayabadiliki.

Onyo kwa watu wa Windows: usinakili mafundisho ya zamani yanayoanza na `convert`. Windows ina `convert` yake, na kazi yake ni kubadilisha mfumo wa diski, haina uhusiano wowote na picha. Kwa kawaida itakugomea kwa kusema `Invalid Parameter`, na ushukuru imegoma. Kwenye Windows ni `magick`, basi.

## Hatua ya 2: Folda mbili, za lazima

Tengeneza folda iitwayo `blogu`. Ndani yake weka folda mbili: `asili` na `tayari`. Nakili picha zako kwenye `asili`. Nimesema nakili, siyo hamisha.

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo iliyonifanya nipoteze picha zote za safari ya Kaole, Bagamoyo. Niliendesha amri ya folda nzima moja kwa moja juu ya picha za kamera, upana 600, nikajisifu kwa kasi yake. Wiki mbili baadaye nikahitaji moja ya kuchapisha ukubwa wa bango. Zote zilikuwa 600. Picha ikishapunguzwa hairudi; pikseli zilizotupwa zimetupwa.

Ukishazinakili, zipe majina ya kueleweka: herufi ndogo, maneno yaunganishwe kwa kistari, bila nafasi. `soko-la-feri.jpg` ni jina zuri. `WhatsApp Image 2024-06-01 at 10.22.33.jpeg` litakusumbua, kwa sababu terminali ikikuta nafasi inadhani jina limeishia hapo. Jina likikataa kubadilishwa, lifunge ndani ya alama za kunukuu.

## Hatua ya 3: Simama kwenye folda sahihi

Terminali ina mahali ilipo kila wakati, na majina yote ya mafaili husomwa kuanzia hapo. Ukitaja `asili/soko-la-feri.jpg` ukiwa kwenye folda ya vipakuliwa, haitaipata, na wala haitahangaika kuitafuta.

Kwenye Windows fungua folda ya `blogu`, bofya kwenye upau wa anuani juu, futa kilichopo, andika `cmd`, bonyeza Enter. Dirisha jeusi litafunguka likiwa hapohapo. Kwenye Mac andika `cd` na nafasi moja, kisha iburute folda ya `blogu` hadi ndani ya terminali na ubonyeze Enter. Kwenye Termux, ikiwa umeiweka `blogu` ndani ya Pictures:

```
cd ~/storage/pictures/blogu
```

Andika `dir` kwenye Windows, au `ls` kwingineko. Ukiona `asili` na `tayari` zimetajwa, umefika. Usipoziona, usiendelee. Nasema hivi kwa sababu karibu nusu ya matatizo ninayoletewa yanaishia hapa.

## Hatua ya 4: Iulize picha habari zake

```
magick identify asili/soko-la-feri.jpg
```

Utajibiwa kwa mstari mmoja wa namna hii:

```
asili/soko-la-feri.jpg JPEG 4000x3000 4000x3000+0+0 8-bit sRGB 3.8MiB
```

Vitu viwili ndivyo vya kutazama. Cha kwanza ni aina ya faili: wakati mwingine jina linasema `.jpg` lakini ndani ni PNG au HEIC, na hapo ndipo mambo ya ajabu huanzia. Cha pili ni upana. Ukikuta picha ina 800 tu, usiikuze. Kuikuza hakuongezi chochote ila ukungu na uzito.

Kisha jaribu hii, hasa kwa picha uliyopiga nyumbani:

```
magick identify -format "%[EXIF:GPSLatitude]" asili/soko-la-feri.jpg
```

Ikirudisha tarakimu kama `6/1, 48/1, 5923/100`, hizo ni digrii, dakika na sekunde za mahali uliposimama. Simu iliziandika humo bila kelele. Kuna mifumo ya blogu inayozifuta na kuna inayoziacha. Mimi sitegemei mfumo. Nafuta mwenyewe kwenye hatua inayofuata.

## Hatua ya 5: Picha moja kwanza

Amri ni hii, mstari mmoja mzima:

```
magick asili/soko-la-feri.jpg -auto-orient -thumbnail "1200x>" -quality 80 tayari/soko-la-feri.jpg
```

ImageMagick husoma kutoka kushoto kwenda kulia na kutenda kwa mpangilio huohuo. Kwa hiyo mpangilio siyo pambo. Tuuchambue.

`asili/soko-la-feri.jpg` ni picha inayoingia. Inasomwa tu, haiguswi.

`-auto-orient` huigeuza picha isimame inavyostahili. Unapopiga simu ikiwa wima, mara nyingi kamera huihifadhi picha ikiwa imelala na kuweka alama pembeni inayosema "nigeuze". Ukifuta taarifa bila kuigeuza kwanza, alama nayo inafutika na picha inalala ubavu. Na lazima itangulie kupunguza: ukipunguza upana hadi 1200 wakati picha bado imelala, huo upana ni urefu wake halisi, na picha yako ya wima itatoka na upana wa 900.

`-thumbnail "1200x>"` ndiyo roho ya kazi. Jina lake linadanganya kidogo, linasikika kama la vijipicha tu, lakini hufanya mambo mawili kwa mpigo: hupunguza ukubwa, na hufuta taarifa zilizofichwa ndani ya faili, GPS ikiwemo, huku ikibakiza profaili ya rangi, yaani maelezo ya namna rangi zinavyopaswa kuonyeshwa. Mafundisho mengi yatakupa `-resize` pamoja na `-strip`. Yanafanya kazi, ila `-strip` hufuta na profaili ya rangi pia, na picha za iPhone, ambazo hutumia rangi pana za Display P3, hutoka zimepauka. Nyanya inageuka kama imekaa juani siku tatu. Mwandishi wa blogu ya mapishi hataki hilo.

Ndani ya nukuu, `1200` ni upana, na kwa kuwa baada ya `x` hakuna kitu, kimo kitajipanga chenyewe kwa uwiano. Alama ya `>` ina maana "punguza tu kama ni kubwa kuliko hapo". Picha ya 800 itapita bila kukuzwa.

Onyo: alama za kunukuu siyo hiari. Kwa terminali, `>` iliyo uchi ni amri ya kumwaga majibu ndani ya faili. Ukiandika `-thumbnail 1200x> -quality 80`, terminali itaunda faili tupu liitwalo `-quality`, kisha ImageMagick ibaki na `80` mkononi ikidhani ni jina la picha. Utasoma kosa la `unable to open image '80'` na utakesha ukiitafuta picha ambayo hujawahi kuwa nayo. Faili hilo tupu nalo ni kero kulifuta, kwa kuwa `rm -quality` hulichukulia kama chaguo la amri. Kwenye Linux, Mac na Termux andika `rm ./-quality`.

`-quality 80` ni kiwango cha kubana. Usipokiweka, ImageMagick hujitahidi kufuata kiwango cha picha iliyoingia, na kamera huwa zinaweka cha juu, hivyo faili linabaki zito kuliko inavyopasa. Kwa picha za watu, vyakula na mandhari nakaa 78 hadi 82. Nikishuka chini ya 70 anga inaanza kuonyesha mistari, hasa ile ya jioni.

`tayari/soko-la-feri.jpg` ni picha inayotoka. Jina liwe kwenye folda tofauti na ile ya kuingilia. Hilo pekee linakukinga na msiba wangu wa Kaole.

Amri ikifaulu haisemi kitu. Mstari mpya unatokea, kimya. Wengi hudhani imekwama na kuirudia mara tatu. Kimya ndiyo jibu.

## Hatua ya 6: Kagua ulichopata

```
magick identify tayari/soko-la-feri.jpg
```

Upana usome 1200, na uzito mara nyingi uwe kati ya KB 100 na 250. Picha yenye majani mengi, mchanga au umati wa watu itakuwa nzito zaidi. Yenye ukuta mtupu nyuma itakuwa nyepesi. Usishangae mbili za upana uleule zikitofautiana mara tatu.

Rudia ile amri ya GPS juu ya faili jipya. Isirudishe tarakimu yoyote.

Halafu ifungue kwa macho. Tazama inasimama sawa? Rangi ya ngozi iko sawa? Maandishi madogo, mfano bei kwenye kibao cha sokoni, bado yanasomeka? Ukitaka kulinganisha kwa haki, zitazame zote mbili kwa ukubwa ambao msomaji ataziona. Kuikuza hadi pikseli zionekane ni kujitafutia huzuni bure.

## Hatua ya 7: Kuigeuza iwe WebP

WebP ni aina ya faili la picha lililotengenezwa kwa ajili ya wavuti. Kuipata, badilisha mwisho wa jina tu:

```
magick asili/soko-la-feri.jpg -auto-orient -thumbnail "1200x>" -quality 80 tayari/soko-la-feri.webp
```

ImageMagick huangalia herufi baada ya nukta ya mwisho na kujua unataka aina gani. Kwa mwonekano uleule, faili la WebP kwa kawaida huwa jepesi kuliko JPEG. Vivinjari vyote vikubwa vinaisoma, Safari ikiwa ya mwisho kujiunga mwaka 2020, na WordPress inaipokea tangu toleo la 5.8.

Kuna mahali pamoja ninapobaki na JPEG: picha ya kava, ile inayotokea mtu anapotuma kiungo chako kwenye WhatsApp au Facebook. Programu za kutuma ujumbe ziko nyingi na sipendi kubahatisha ipi itaisoma na ipi itaonyesha kisanduku kitupu.

## Hatua ya 8: Folda nzima kwa mkupuo

Sasa, na siyo kabla ya sasa, tunatumia `mogrify`. Hii ndiyo amri iliyonichoma.

```
magick mogrify -path tayari -format webp -auto-orient -thumbnail "1200x>" -quality 80 asili/*.jpg
```

`-path tayari` ndiyo inayosema matokeo yaende wapi. Bila hiyo, na bila kubadilisha aina ya faili, `mogrify` huandika juu ya picha ileile iliyoisoma. Haikuulizi, haikuonyi, haina kitufe cha kurudi nyuma. Kabla ya kubonyeza Enter isome amri yako na uweke kidole juu ya neno `-path`. Mimi bado hufanya hivyo, na sioni aibu.

Folda ya `tayari` lazima iwe ipo tayari, jina na kitendo. `mogrify` haitaiunda.

`*.jpg` maana yake mafaili yote yanayoishia hivyo. Kwenye Linux na Termux, herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili: `DSC_0101.JPG` kutoka kwenye kamera itaachwa nje. Endesha amri mara ya pili ukiweka `asili/*.JPG`.

Kumaliza, hesabu. Idadi ya picha za `.webp` kwenye `tayari` ilingane na ya picha za `asili`. Zikipungua, kuna faili lililoharibika au lenye mwisho tofauti wa jina, kama `.jpeg`.

## Picha zisizofuata kanuni

Nembo na PNG zenye uwazi. JPEG haijui uwazi. Ukiigeuza nembo hivihivi, sehemu zisizo na rangi mara nyingi hutoka nyeusi. Ipe sakafu nyeupe kwanza:

```
magick asili/nembo.png -background white -alpha remove -alpha off tayari/nembo.jpg
```

Kama blogu yako inapokea WebP, acha yote hayo. WebP inabeba uwazi.

Skrinshoti. Maandishi na mistari myembamba haipatani na ubanaji wa JPEG. Kingo za herufi huota vumbi. Ibakize na ukubwa wake, uigeuze kwa namna isiyopoteza kitu:

```
magick asili/skrini.png -define webp:lossless=true tayari/skrini.webp
```

HEIC ya iPhone. Baadhi ya usakinishaji huisoma, mwingine hauisomi. Uliza kwa `magick -list format` na utafute mstari wa HEIC. Ukiuona una herufi `r`, inasomeka, na amri ya hatua ya 5 inafanya kazi bila mabadiliko. Usipouona, nenda kwenye mipangilio ya kamera ya iPhone, sehemu ya Formats, uchague `Most Compatible`. Kuanzia hapo itapiga JPEG.

Kava. Picha ya kiungo inapendeza ikiwa 1200 kwa 630 kamili, kwa hiyo lazima kukata:

```
magick asili/soko-la-feri.jpg -auto-orient -thumbnail "1200x630^" -gravity center -extent 1200x630 -quality 82 tayari/kava.jpg
```

Alama ya `^` inaijaza nafasi yote, kisha `-extent` inakata kinachozidi. Ukiwa na picha ya mtu aliyesimama, badilisha `center` iwe `north`, la sivyo utachapisha picha nzuri ya kifua na mikono.

Unapopewa kikomo cha uzito. Acha `-quality`, weka `-define jpeg:extent=100kb`, na jina la faili linalotoka liwe `.jpg`. Itajaribu viwango hadi faili litoshe, kwa hiyo inachukua muda kidogo. Hii imewasaidia jamaa zangu kuliko blogu yoyote: mifumo ya kuomba kazi mtandaoni hupenda kukataa picha ya pasipoti kwa sababu ya KB chache.

## Ukikuta makosa haya

`unable to open image` na jina la picha yako. Umesimama kwenye folda isiyo sahihi, au jina lina nafasi, au herufi kubwa na ndogo hazilingani. Rudi hatua ya 3.

`unable to open image` na jina usilolijua, kama `80`. Umesahau nukuu kwenye `"1200x>"`. Au umenakili amri kutoka kwenye programu ya kuandikia barua iliyogeuza nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda. Terminali haizitambui zilizopinda. Zifute uziandike upya kwa mkono.

`no decode delegate for this image format`. ImageMagick yako haina kisomeo cha aina hiyo ya faili. Mara nyingi ni HEIC.

`not allowed by the security policy`. Unajaribu PDF kwenye Ubuntu au Debian. Wameizuia makusudi kwa usalama. Usianze kuhariri faili la sera kwa sababu ya picha ya blogu. Fungua PDF, piga skrinshoti.

`cache resources exhausted`, au Termux inaandika `Killed`. Picha ni kubwa kuliko kumbukumbu iliyoruhusiwa au iliyopo. Hutokea kwa panorama na kwa kamera za megapikseli 108. Mwambie ImageMagick aisome ikiwa imeshapunguzwa, kwa kuweka kipande hiki kabla ya jina la picha inayoingia:

```
magick -define jpeg:size=2400x2400 asili/panorama.jpg -auto-orient -thumbnail "1200x>" -quality 80 tayari/panorama.webp
```

Hii ni kwa JPEG tu. Nimeweka 2400, yaani mara mbili ya ninachotaka, ili hatua ya mwisho ya kupunguza ibaki na pikseli za kutosha za kuchezea. Kwenye simu ya kumbukumbu ndogo funga na programu nyingine kwanza, kivinjari hasa, kisha ujaribu tena.